Stering Hadedi

Ukikaa kwa base ya gemu mtaani kuna neno moja utaskia hadi uanze kuiota: skipi.

Base yetu iko Kayole, kakibanda ka mabati kamefinywa katikati ya kinyozi na mathe wa chipo. TV tatu, PS tatu, benchi mbili, feni moja kwa kona. Mechi ya boli ni mbao. Ukitaka mashini saa nzima unatoa soo, na hiyo saa ni yako, cheza kenye roho inataka. Jumamosi flani jamaa akatoa hiyo soo ju alikuwa ameskia kuna gemu imetoka iko na stori moto. Wasee wa boli wakaona wamepunguziwa TV, wakakaa nyuma yake kungoja. Gemu ikaanza. Mzee wa ndevu nyeupe akatokea kwa skrini, akaanza kubonga: kitambo, kabla ya zama za kwanza, kulikuwa na falme saba, na jiwe, na unabii, na vita ilipiganwa miaka mia. Dakika ya kwanza benchi ilinyamaza kwa heshima. Ya pili simu zikatoka. Ya tatu mtu akasema pole pole, "skipi," mwingine akaipandisha, na mwishowe benchi yote ilikuwa inaimba skipi kama mashabiki wa Gor wakidai goli. Jamaa alijaribu kuvumilia, si ni doo yake, lakini dole gumba ikachoka. Akafinya. Mzee akakatwa maneno ikiwa mdomoni, na hadi wa leo hakuna mtu kwa hiyo base anajua zile falme saba ziliishia wapi.

Mi huamini hiyo benchi kuliko mtu yeyote anapeana nyota. Hakuna mtu amewalipa wapende kitu. Stori ikiboo, wanakuonyesha hapo hapo na mwili yao: mgongo inarudi kwa ukuta, simu inatoka, mtu anakumbuka ametumwa maziwa. Na usiniambie eti vijana wa siku hizi hawana subira. Hawa ni wasee wamelelewa na vibanda vya muvi. Wamewahi kukaa masaa matatu kwa benchi ya mbao bila mgongo, wakicheki muvi ya Kihindi yenye wameshaiona mara nne, na ukipita mbele ya TV unarushiwa kiatu. Subira wako nayo. Kuna kitu ile benchi ya zamani ilikuwa inapewa na mzee wa ndevu hakupeana.

Kama ulikulia mtaa ya Nairobi, muvi yako ya kwanza tamu labda ilikuwa na sauti ya DJ Afro juu yake. Mchina anapigana, Kiswahili ya mtaa inateremka, na hata ukiingia katikati huwezi potea, ju jamaa anakupa rada: huyu ndio stering, huyu ndio adui, na huyu stering ametoka mbali na kuna kitu anatafuta. Uganda wako na mavijey wao kama VJ Jingo, Bongo walikuwa na Lufufu. Watu hudhani kazi yao ni kutafsiri. Tafsiri ni nusu. Nusu ingine, na kwangu ndio kubwa, ni kuhakikisha husahau hata dakika moja stering anadai nini. Wakati muvi yenyewe inaanza kuzubaa, wao wanairudisha kwa laini.

Na hivyo vibanda vilikuwa na sheria moja yenye kila mtoto wa mtaa anaijua kabla ajue kufunga kamba za viatu: stering hadedi. Mpige risasi, mtupe kwa mto, mfungie ndani ya nyumba inachomeka, ataamka. Sasa hapa ndio nimekuwa nikikwama miaka mingi. Kama wote tunajua hadedi, mbona tulikuwa tunashika viti? Mbona mioyo ilikuwa inapiga?

Nilipata jibu kwa ile muvi ya ndovu. Jina yake ni Tom Yum Goong, ya 2005, lakini mtaani hatukuwahi kuiita hivyo, tuliiita tu ile ya ndovu. Tony Jaa ni Kham, kijana wa ocha huko Thailand, na familia yao imelea ndovu toka enzi za mababu. Majambazi wanaiba wawili, mkubwa na mtoto wake, wanawavusha hadi Sydney, Australia. Kham anaenda kuwachukua. Hiyo ndio stori yote, unaweza kuihadithia kabla mat ijaze. Na kuna kipande flani ya kama dakika nne kamera haikatiki hata mara moja, Jaa anapanda ngazi za restoranti ya hao majambazi, orofa baada ya orofa, watu wanaruka vibaranda, milango inapasuka. Sasa fanya hivi. Toa ndovu kwa hiyo stori, halafu ucheki hiyo kipande tena. Itabaki sarakasi. Sarakasi ni tamu dakika moja, na ya pili unaanza kujiuliza kama umelock mlango ya keja. Lakini ndovu wakiwa ndani, kila mlango anavunja ni swali: wako hapa? Hawako. Hapa je?

Tulikuwa hatuulizi kama Jaa atadedi. Tulikuwa tunauliza kama atachelewa. Ju ndovu si stering, hiyo sheria haimkingi. Na kweli, anapofika, yule mkubwa amebaki mifupa, wameisimamisha na kuipamba na dhahabu na vito kama fanicha ya nyumba ya tajiri. Nakumbuka kibanda ikinyamaza, wanaume wazima wa mjengo wamekaa na vumbi ya simiti kwa nywele, na hakuna mtu alikohoa. Stering alikuwa hai kabisa. Lakini alikuwa amepoteza kitu na sisi wote tuliona ikipotea.

Tangu hiyo siku, stori ikiniboo, mi huuliza tu vitu mbili. Huyu msee anadai nini? Na hiyo kitu inaweza toka mkononi mwake? Mzee wa ndevu hakudai kitu. Alikuwa anatuelezea historia ya mahali hatujafika, ya watu hatujakutana nao.

Angalia venye wasee wanajua kazi huanza. Kwa GTA San Andreas ya 2004, CJ amekaa Liberty City miaka tano, mathe yake ameuawa, anarudi Los Santos kumzika. Hajafika hata home. Ako ndani ya teksi kutoka airport, karao anaitwa Tenpenny anaisimamisha, anamtoa doo zake zote, anamzungusha na gari na kumtupa kwa mtaa ya maadui. Kuna baiskeli imeachwa hapo. Toka. Tukiicheza tulikuwa watoto na Kizungu yao ya Los Angeles hatukuelewa hata nusu, na ukweli ni kwamba wengi wetu baada ya hapo tulikuwa tunaweka tu macheat tunaiba ndege. Lakini huo mwanzo kila mtu aliuelewa bila kutafsiriwa. Unaenda kuzika mama, na dunia inakutoa doo ya matanga kabla ufike kwa gate.

Sasa ruka hadi 2012, Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga. Mwas, Joseph Wairimu akimcheza, ni kijana wa ocha anauza DVD, na style yake ya kuuza ni kukuigizia muvi hapo hapo barabarani, sauti na mangumi na kila kitu. Anadai kuwa ekta. Anakuja Nairobi amebeba mzigo wa elektroniki, umati wa tao unammeza, na kabla hajajua hata ni street gani amesimama wamemsafisha kila kitu na amejipata seli. Hapo ndio tulimpenda. Mwandishi hakutuma mtu atuelezee eti Mwas ni maskini mwenye ndoto kubwa. Alituonyesha mkono ikiingia na mzigo ikitoka. Baada ya hapo muvi inampatia vitu mbili anazipenda sawa, thieta mchana na mbogi ya kuiba magari usiku, na unajua kabisa hawezi baki na zote. Nimeicheki labda mara tisa. Najua mwisho. Bado nikifika hapo kwa mwisho siongei na mtu.

Hizi stori mbili hazifanani kitu. Moja ni ya Waskoti na Wamarekani wenye doo ya kununua mtaa wetu mzima, ingine ilishutiwa na wasee wa hapa hapa. Lakini zote zinajua siri ile ile ya ndovu.

Halafu angalia kenye imetokea kwa hizi muvi kubwa. Mtu alidhani kama ndovu mmoja anatuumiza, basi dunia nzima itatuumiza zaidi. So kila muvi sasa ni kuokoa dunia, na dunia ikizoeleka wakaenda kwa dunia zingine za pembeni. Ant-Man and the Wasp: Quantumania ya 2023 ilitwambia adui Kang anaweza kufuta dunia zisizohesabika. Nilikuwa ndani ya sinema na popkoni ya bei ya lanchi ya siku mbili, na nilikuwa naangalia saa. Dunia zisizohesabika! Nani anajua mtu hata mmoja anaishi huko? Na ona, hao hao watu wa Marvel walikuwa wanajua. Kwa Infinity War ya 2018, Thanos anafinya vidole na nusu ya viumbe vyote vinaenda. Nusu ya kila kitu, na hakuna mtu alililia hiyo hesabu. Tulilia kijana mmoja, Peter Parker, amemshikilia Tony Stark akiomba asiende, anageuka vumbi kwa mikono yake. Roho ya binadamu haina mahali ya kuweka nusu ya viumbe vyote. Iko na nafasi ya kijana mmoja. Mtaani tunajua hivyo bila kufunzwa, ju hakuna mtu hulala macho usiku akiwazia dunia. Analala macho ju ni tarehe nne na keja inadaiwa kesho.

Ndio maana mi husema hakuna mtu ameandika kitu kali kwa miaka ya juzi kuliko episodi ya sita ya Squid Game, msimu wa kwanza, 2021. Banoo. Watu wazima wanacheza banoo. Wachezaji wanaambiwa kila mtu achague partner, na kila mtu anachagua mwenye anamwamini zaidi, wakidhani watasaidiana. Wakishafika ndani wanaambiwa partner wako ndiye mpinzani. Kila mtu banoo kumi, nusu saa, mwenye anabaki bila anaondoka duniani. Hapo kuna wasichana wawili, Sae-byeok na Ji-yeong, wanakubaliana wasicheze kwanza. Watamaliza na raundi moja ya mwisho. So wanakaa chini kwa ngazi na wanabonga. Mmoja anabonga kuhusu ndugu yake mdogo na mathe yake mwenye amebaki ng'ambo ya mpaka, mwingine anabonga kuhusu home alikotoka, na saa inaenda. Halafu raundi inafika, na Ji-yeong anaacha banoo yake ianguke hapo miguuni makusudi.

Sasa nisikize vizuri, ju hapa ndio watu wengi wanakosea. Hao wasichana walikuwa wanabonga tu. Hakuna ngumi, hakuna gari inapinduka. Yule mzee wa ndevu pia alikuwa anabonga tu. Yeye alipewa dakika tatu tukamfukuza, hao tungewapa usiku mzima. Kubonga hakujawahi kuwa shida. Shida ni kubonga bila banoo chini. Ukijua neno lolote linaweza kuwa la mwisho huyu mtu anasema, hata akitaja kinywaji angependa kuonja siku moja unashika pumzi.

Kuna ugonjwa ingine, na hii nilifunzwa na mtoto wa sistee yangu wa miaka sita. Mwambie akuhadithie katuni. "Halafu akaenda kwa nyumba, halafu joka likakuja, halafu wakakimbia, halafu kukakuwa na jua, halafu wakakula." Anapumua kwa pua ndio asikatize. Nampenda sana, na baada ya dakika mbili najipata naosha vyombo. Wale jamaa wawili walitengeneza South Park, Trey Parker na Matt Stone, waliwahi kuwaambia wanafunzi wa chuo moja New York, 2011, kitu karibu na hiyo: kama katikati ya kisa na kisa unaweza kuweka "halafu" peke yake, umeisha. Inafaa iwe "lakini" ama "ndio maana". Tenpenny alichukua doo, ndio maana CJ ako na baiskeli, lakini ako mtaa ya maadui, ndio maana lazima apige pedali. Ukivuta uzi moja, shati yote inakuja.

Jaribu hiyo na Assassin's Creed Valhalla ya 2020. Grafiki, wacha tu. Ukungu ya Uingereza ya kitambo unaweza kuihisi kwa shingo. Lakini Eivor anafika eneo, anapata kiongozi ako na shida, anamsaidia, anapewa urafiki, anarudi kwa meza ya ramani, anachagua eneo lingine. Halafu lingine. Na lingine. Zinaenda masaa zaidi ya hamsini, na nyingi ya hizo unaweza kuzipanga upya venye unataka na hakuna kitu itavunjika. Hiyo ndio dalili. Stori yenye unaweza kuichanganya kama karata haina uzi. Nilijaribu kuimaliza likizo moja nzima, na sikuwahi kuichukia. Siku moja tu sikuiwasha, na ya kufuata pia sikuiwasha.

Na ni hao hao wa Valhalla walitengeneza Assassin's Creed Origins, 2017. Misri ya kale, Bayek wa Siwa, mwafrika mwenye uso wa kuchoka. Kijana wake Khemu alikufa, na alikufa kwa kisu iko mkononi mwa babake mwenyewe, wakati watu wa maski walikuwa wanamlazimisha. Kwa hiyo gemu kuna duara za mawe zimetapakaa jangwani, si lazima uende. Ukienda, Bayek anaketi, unazungusha nyota hadi zikae kwa picha yake, na anakumbuka venye walikuwa wanaziangalia na kijana. Hakuna silaha unapewa. Nilizitafuta zote. Gemu ya kupigana, na mi natembea na ngamia usiku nikitafuta mawe ili baba aongee na mwanawe ambaye hayuko duniani dakika moja zaidi.

Gemu ziko na shida moja ya ziada yenye muvi hazina, ni mikono. Kwa muvi ukiambiwa stering ni mtu mzuri, unakubali, ju yeye ndio anafanya. Kwa gemu ni wewe unafanya. Ikikwambia we ni jamaa mpole wa utani halafu dole zako zinapiga watu risasi kutoka asubuhi hadi jioni, kuna mahali kwa kichwa inakataa. Clint Hocking, mtu wa kutengeneza gemu, aliandika juu ya hiyo mgongano 2007 akizungumzia BioShock, na jina alilipa likashika. Watu wa Uncharted 4 wenyewe waliikubali: 2016 waliweka trofii yenye jina hilo hilo la Hocking, unapewa ukishaua maadui elfu moja. Elfu moja, na kila baada ya video stering wao Nathan Drake ni yule yule wa kucheka. Mi naipenda hiyo gemu. Lakini stori yake inakaa upande moja na mikono yangu upande ingine, na nikiicheza najua lini nasikiza na lini nasubiri kurudishiwa kontrola.

Linganisha na Red Dead Redemption 2, 2018. Mbogi ya Arthur Morgan iko na shailoki wao, anaitwa Strauss, anakopesha watu wenye hawawezi kulipa. Arthur ndio anatumwa kukusanya. Kama umewahi kuona shailoki wa mtaa akibeba friji na meko na mtoto akiwa amesimama hapo kwa mlango anaangalia, hiyo misheni utaijua. Unafika kwa shamba ya Thomas Downes. Jamaa ni mgonjwa, amekonda, anakohoa. Bibi yake na kijana wake wako hapo. Na gemu haikuonyeshi video ya Arthur akimpiga, inakupa kontrola. Finya. Unafinya. Downes anamkoholea Arthur damu kwa uso, na we unajipangusa unaenda zako, ni kazi tu. Masaa mengi baadaye, ukishasahau, Arthur anaanza kukohoa. Ni TB. Nilirudisha akili nyuma nikatafuta ilitoka wapi, na nikaikuta kwa dole gumba yangu. Hakuna muvi inaweza kunifanyia hivyo. Kwa muvi ningemlaumu Arthur.

Ukisema stori zetu za hapa, kuna kitu lazima niseme na upendo, ju nazicheki na nataka zishinde. Nyingi za TV zetu ni sofa. Familia tajiri, nyumba ya Runda, mtu amesimama na glasi, mwingine amekaa, wanaambiana vitu wote wawili tayari wanajua. "Kama unavyojua, wewe ni dada yangu na baba alituachia kampuni." Najua sababu, na si uvivu. Sofa moja ni bei rahisi, barabara ni vibali na walinzi na jenereta. Lakini hata kwa sofa mtu anaweza kudai kitu. Wale wasichana wa banoo walikaa kwa ngazi.

Na dawa iko hapa hapa nyumbani. Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018, hata saa moja na nusu haifiki. Jo ni msichana wa miaka tisa, anapenda mamuvi ya mashujaa, na anaumwa. Unaambiwa mapema hataishi, muvi haikufichi. Sheria ya kibanda imevunjwa toka mwanzo: hapa stering atadedi na kila mtu anajua, hata yeye. Mathe yake amemtoa hosi amlete home, anadai alale, apumzike, asivunjike. Sistee yake anadai aishi, atoke nje, kijiji yote ijifanye ako na nguvu za ajabu. Wote wawili wanampenda. Hakuna adui. Kuna siku chache tu, na watu wawili wanazivutania. Niliicheki na mathe yangu kwa kochi yetu. Ikiisha hakusema kitu kuhusu muvi. Aliuliza kama nimekula.

Wacha nimalizie kwa base, ju kuna siku nyingine.

Kijana mdogo, uniform ya shule bado kwa mwili, akaleta soo akasema anadai The Last of Us, ile ya PS4. Benchi ikaguna ju ni Jumamosi na watu wanangoja boli. Ikaanza na msichana amelala kwa kochi akingoja babake. Buda anaingia usiku, amechoka, anabonga na simu. Msichana, Sarah, anampa zawadi ya bathdei: saa ya mkono. Buda anaiweka kwa sikio anajifanya eti haifanyi kazi. Hiyo tu. Dakika mbili tatu za mtu na mtoto wake kwa kochi, na nikaangalia nyuma. Hakuna simu imetoka.

Halafu gemu ikampa kijana kontrola, na mwenye anatembeza ni Sarah. Nyumba iko giza, anaita babake, simu inakatika, kwa TV kuna habari na mlipuko. Msee wa benchi akasema kwa uhakika, "Huyu ndio stering." Wote wakakubali, si ni yeye tunatembeza. So wakatulia. Mtaa ikaanza kuwaka, gari ikagongwa, mguu ya Sarah ikavunjika, na kontrola ikahamia kwa babake, Joel, amembeba anakimbia. Bado watu wametulia. Stering hadedi. Wakafika kwa mwanajeshi mmoja, na mwanajeshi akaongea na redio, na redio ikamjibu.

Sarah alidedi kwa mikono ya babake akilia, na ilichukua muda, gemu haikuharakisha. Kijana wa uniform alikuwa bado anafinya kontrola kana kwamba kuna batani ya kumrudisha. Skrini ikaenda nyeusi. Ikarudi, imepita miaka ishirini, Joel amezeeka, na kwa mkono bado amevaa ile saa, imevunjika kioo.

Saa ya kijana nayo ikaisha. Msee wa base huwa hachelewi, huzima TV hata kama we ndio unashinda. Hiyo siku alikuwa amesimama hapo na rimoti mkononi, hajaizima, anaangalia. Msee mmoja wa boli, mwenye alikuwa amengoja mashini tangu saa nane, akaingiza mkono kwa mfuko, akatoa mbao, akaiweka juu ya TV. Halafu mwingine akaongeza yake.